Agfa Isolette III: pete ya fokasi nzito na mabaka meupe kwenye picha

SWALI: Nimepata kamera ya kukunja Agfa Isolette III yenye lenzi ya Solinar 75mm f/3.5. Pete ya fokasi ni nzito, inazunguka kwa kulazimishwa. Nimepiga filamu moja ya 120: vitu vya mbali vimetoka na ukungu hata nilipoweka pete kwenye ∞ (alama ya umbali usio na kikomo), na karibu kila picha ina baka jeupe upande uleule. Kipima umbali kinaunganisha taswira vizuri. Je, lenzi imekufa?

JIBU: Lenzi ni nzima. Kamera ina magonjwa mawili, na yote ni ya kawaida mno kwa kamera za kukunja za Agfa za miaka ya 1950: grisi iliyoganda na mvukuto (ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera) uliotoboka. Kwanza kabisa, acha kuizungusha hiyo pete.

Lenzi hii hufokasi kwa kioo cha mbele peke yake. Kioo hicho kimefungwa kwa hesi (mikato kama ya skrubu) ndani ya kikombe cha kioo cha pili, na kikombe nacho kimefungwa kwa hesi kwenye shata (kile kifaa kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga). Grisi ya kijani ya Agfa ikizeeka huwa gundi, ikavishika vioo hivyo viwili vikawa kitu kimoja. Ukilazimisha pete, kinachofunguka ni kikombe kutoka kwenye shata. Namba za pete zinabadilika, lakini nafasi kati ya vioo viwili haibadiliki, na kikombe kinasogea mahali kisipotakiwa kusogea. Ndiyo maana ∞ yako si ∞ tena.

Legeza skrubu tatu ndogo za ubavuni mwa pete kwa bisibisi ya fundi saa, uivue pete, kisha fungua vioo vyote viwili kwa pamoja. Viloweke usiku kucha kwenye petroli ya viberiti. Asubuhi vipashe moto kwa draya ya nywele, shika kila upande kwa kipande cha mpira, na uzungushe. Koleo usiiguse, kikombe ni laini, kikipinda kidogo tu hakitengenezeki. Visipoachia, dondoshea asetoni kwenye hesi tu, maana hula rangi. Vioo viwili vya nyuma vya Solinar vimegundishwa pamoja, kwa hiyo hivyo visiloweshwe kabisa.

Hesi inapoachia, weka alama palepale. Ukirudishia kutoka mwanzo mwingine utahangaika. Sugua grisi yote itoke, paka mpya kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Ikizidi, joto litaitiririsha hadi kwenye mapanga ya shata. Kikombe kikaze mpaka mwisho kwenye shata kabla ya kurudisha kioo cha mbele.

Sasa tafuta ∞ upya. Fungua mfuniko wa nyuma, laza kioo cha ukungu (kioo kilichokwaruzwa upande mmoja ili taswira ionekane juu yake) kwenye reli inayolaliwa na filamu, upande wenye ukungu ukitazama lenzi (ukigeuza, unene wa kioo utakudanganya). Shata iwe B (hukaa wazi muda wote unapoibonyeza) na ishikiliwe wazi, tundu la lenzi f/3.5. Elekeza kwenye mnara wa simu ulio zaidi ya nusu kilomita, zungusha kioo cha mbele ukitazama kwa lenzi ya kukuzia hadi vyuma vya mnara vionekane wazi kabisa bila ukungu, ndipo urudishe pete ikisoma ∞ na kukaza zile skrubu.

Kumbuka pia kwamba kipima umbali cha Isolette III hakijaunganishwa na lenzi. Taswira mbili zikikutana, soma umbali kwenye gurudumu lake, kisha uuweke mwenyewe kwenye pete. Wanaotoka kwenye Super Ikonta, kamera ya kukunja ya Zeiss Ikon ambayo kipima umbali chake kinaendeshwa na pete ya lenzi, husahau hili kila mara.

Baka jeupe ni mvukuto. Ingia chumba chenye giza totoro, weka tochi ndogo ndani ya kamera iliyofunguliwa, utazame pembe za mikunjo: ndipo zinapotoboka, kwa sababu Agfa walitumia malighafi bandia badala ya ngozi. Ukiona vitundu vitatu vinne, ziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa, tabaka jembamba mara mbili, acha saa 24 kamera ikiwa wazi, kisha pangusa poda kidogo ili mikunjo isigandane. Pembe zote zikimeremeta kama chujio, usipoteze rangi: agiza mvukuto mpya.

Na ukianza filamu nyingine, fungua kamera taratibu. Ukiiachia iruke, mvukuto unavuta hewa ghafla na kuinyonya filamu kutoka kwenye bati lake. Ndiyo maana filamu husogezwa baada ya kufungua kamera, si kabla.