Dodoso la wafanyabiashara: nani atashughulikia majibu?

Mkuu, umeuliza maswali mangapi yanatosha, na kama ni bora kuwatumia wafanyabiashara waliopo eneo lenu dodoso la kujua hali zao kwa simu au kuwafuata walipo. Nimewahi kusimamia zoezi la aina hiyo, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Wafuateni. Fomu ya mtandaoni itakupa tarakimu, lakini hakuna anayeijaza kwamba anawaza kufunga. Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Mtu wa kodi asiwepo; akionekana tu, kila jibu litakuwa "tunamshukuru Mungu". Anzeni na historia: alianzaje, nini kinatoka zaidi. Mauzo yaulizwe mwishoni, tena kwa makundi, kuanzia kiasi fulani hadi fulani. Saa moja isizidi.

Mwenye karakana mmoja wa kuchomelea vyuma alitujibu vizuri kabisa: wateja wapo, vijana wa kazi wapo. Tumeshaaga, tuko mlangoni, ndipo anadokeza kuwa mkataba wa pango unakwisha na mwenye jengo ana mpangaji mwingine. Dodoso letu halikugusa hilo popote. Tangu siku ile kalamu hatuifungi mpaka tuwe barabarani.

Sasa jambo kama hilo halisubiri ripoti. Anayetaka kuhama, mzee anayestaafu bila mrithi, aliyenyimwa mkopo huku mashine imekufa: hao wapewe mtu wa kuwafuatilia wiki hiyohiyo. Yanayojirudia kwa wengi, kama umeme na barabara, ndiyo ya kupeleka serikalini yakiwa na hesabu. Na kwenye ripoti, aina ya biashara yenye wafanyabiashara wawili watatu tu usiitolee mchanganuo hata bila majina, maana watu wanajuana.

Wakubwa hupenda mwekezaji mpya kuliko hawa waliopo kwa sababu ana utepe wa kukata. Utafiti wa David Birch wa chuo cha MIT, 1979, ulionyesha kuwa Marekani ajira mpya nyingi zilitoka kwenye biashara ndogo, na kampuni kuhamahama kulichangia kidogo mno. Hesabu zake zilibishaniwa baadaye, ila mimi hoja ya kuwaangalia kwanza waliopo bado naishikilia.

Idadi ya maswali sasa: swali ambalo jibu lake halina wa kulifanyia kazi, lifute. Yatakayobaki yajaribuni kwa wafanyabiashara wachache mnaofahamiana kabla ya kuchapa, muone lipi wanalikwepa.