Jiwe la Bibi Limekuwa Laini

SWALI: Jiwe la kusagia alilotuachia bibi limekuwa laini, na mtama unateleza tu bila kusagika. Je, limekwisha kazi? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, limepoteza makali tu, kwa kuwa kila punje iliyosuguliwa baina ya jiwe la chini na lile dogo la mikononi imelilainisha kidogo kidogo. Tafuta jiwe gumu lenye ncha, kisha kwa hilo uligonge lile la kusagia taratibu uso wote mpaka vitokee vishimo vidogo vinavyokwaruza kiganja, kisha ulisugue kwa maji. Saga konzi mbili za mtama na unga huo wa kwanza uumwage, maana ndio unaobeba mchanga. Mahindi yakobolewe kwanza kinuni, yalowekwe, kisha yaanikwe kidogo, kwani punje kavu nzima huruka. Nawasihi, msilitupe.