Pombe sikunywa, bili nimelipa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi New York. Wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye zile baa za siri, mlango wake ni rafu ya vitabu. Ni Mwislamu, pombe sinywi, lakini niliona aibu kusema. Nikamnong'oneza mhudumu anitilie soda na ndimu kwenye glasi ya kokteli, nikajifanya nimechangamka kama wao. Bili ikagawanywa sawasawa, nikatoa dola 70 kwa soda mbili! Wamenialika tena Ijumaa. Nifanyeje?*
*Binti wa Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Pesa inauma, nitaifikia. Kilichoniumiza mimi ni huko kujifanya umechangamka. Umekaa saa nzima ukiikinga glasi isinuswe na ukipima kicheko chako kilingane na cha waliokunywa. Umetoka zamu moja ukaingia nyingine.

Baa hizo zinaiga zile za enzi Marekani ilipopiga pombe marufuku, 1920 hadi 1933. Watu walipita mlango wa uani, wakatoa neno la siri, na kwingine walinywea kwenye vikombe vya chai ili polisi wakivamia wasigundue haraka. Wale walikuwa na cha kuogopa. Wewe unamficha nani, na umemkosea nani?

Kuhusu kukaa meza yenye pombe, hilo ni la dini yako, na wapo wanazuoni wasioliruhusu. Muulize shehe unayemwamini. Moyo ukikataa, usiende. Waalike wenzako kwako siku nyingine, uwapikie pilau. Urafiki wa kazini haukai baa tu.

Ukienda, sema mapema, kabla mtu hajaagiza: "Jamani, mimi sinywi pombe, nitalipa changu mwenyewe." Sema kwa sauti ya kawaida, wala usiombe radhi. Kisha mwambie mhudumu akufungulie bili yako peke yako tangu mwanzo, maana kuitenganisha usiku wa manane watu wameshalewa ni kutafuta ugomvi. Bakshishi usimnyime, huko asilimia 20 ni kawaida.

Na usijinyime kwa soda na ndimu. Wahudumu wa baa hizo ni mafundi hasa. Mwombe tangawizi, asali, ndimu na majani ya nanaa, akutikisie na barafu mpaka chombo kitoe ukungu. Ila mtamkie wazi: asitie pombe hata tone, wala bitazi. Vile vichupa vidogo vya matone machungu vingi vina pombe, na vipo vinavyozidi asilimia 40. Kwa kuwa ni matone tu, wengine hawavihesabu.

Zile dola 70 usizidai. Waligawa bila kujua, na wewe ndiye uliyewaficha. Lakini wakishajua, halafu bado wakakutaka uchangie wiski yao, kataa hapo hapo mezani, mbele ya wote, na mwaliko wa tatu usiuitikie.

Shangazi