Hais au pikapu kwa mzigo wa Mkoani hadi Konde?

Mwenzetu wa Wete, Pemba, kauliza hivi: ana pesa ya gari moja tu, iliyotumika, ya kuagiza Japani. Kazi yake ni kupokea mchele, unga, sukari na sabuni bandarini Mkoani na kugawa madukani Chake, Wete mpaka Konde, na msimu ukifika anataka ibebe karafuu. Roho yake iko kwenye hais, kaka yake anamshikilia anunue dabo kebini, ile pikapu yenye viti vya nyuma. Waliotangulia kujibu wengi wamesema pikapu ndiyo gari ya kazi, basi. Mimi nimefanya kazi na zote mbili hapa Unguja. Pikapu niliibebea samaki na vifaa vya ujenzi, hais nikaipelekea mboga na mashuka mahotelini Nungwi na Kiwengwa. Siafikiani nao, na nitasema kwa nini.

Kabla ya injini na bei, uliza habari ya maji. Kuna mzigo unaoogopa maji ya juu, na kuna mzigo unaotoa maji wenyewe. Mchele, unga, sukari, saruji, jipsamu na karafuu kavu, mvua ya dakika tano tu ni hasara. Samaki, pweza, mwani mbichi na mchanga wa kulowa, hivyo ndivyo vinavyoilowesha gari. Wa kwanza unataka paa na milango, wa pili unataka bodi ya wazi unayoweza kuimwagia maji jioni ikakauka. Mzigo wako wote ulioutaja, shekhe, ni wa aina ya kwanza.

Utaambiwa kuna turubali. Turubali nalijua. Mvua ya masika ikija na upepo haingii kwa juu, inaingia kwa pembeni na kwa mlango wa nyuma, na maji yanayotuama katikati ya turubali yanatafuta tundu lolote. Na wewe unagawa madukani: kila duka unafungua kamba, unateremsha magunia mawili, unafunga tena, huku mwenye duka la mbele anapiga simu. Ukiingia ofisini bandarini kushughulikia karatasi, mzigo uko wazi kwa kila mpita njia. Hais unafunga ufunguo unaondoka. Wapo wanaomtafuta fundi awachomee boksi la bati juu ya pikapu, lakini hapo umejitengenezea hais fupi yenye sakafu ya juu.

Sakafu hiyo ya juu isidharauliwe. Pikapu ya foo-wili bodi yake inamfika hamali karibu na kiuno, hais iko juu kidogo ya goti. Gunia la kilo 50 kulinyanyua mara moja si kitu, kushinda unalinyanyua kutwa ni habari nyingine, na hamali wanajua hivyo, malipo wanayapanga kwa kuiangalia gari.

Kuhusu nafasi, dabo kebini nyingi urefu wa bodi ni kama mita moja na nusu. Singo kebini ni kama mita mbili na robo na zaidi kidogo. Hais ndefu yenye viti vya mbele tu inakupa karibu mita tatu, na ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne unaingia mzima ndani mlango ukafungwa. Uzito ni mambo mamoja, zote ni za tani moja hivi kutegemea modeli, yaani magunia 20 ya kilo 50. Na hapa ndipo hais inapowaponza watu: ina nafasi kubwa kuliko nguvu zake. Ukishapanga hayo 20 utaona juu bado kuweupe, na hamali atakwambia "bado, bado". Usimsikilize. Springi za nyuma zitalala, na vile vilima vya Pemba unavyoteremka na mzigo vitakuonyesha breki zako zina nini. Teremka na gia ndogo, usining'inie kwenye breki mpaka chini.

Kitu kimoja usikiache siku ya kwanza: mchomeshe fundi wavu wa chuma nyuma ya viti, aufunge kwa bolti kwenye bodi. Kwenye hais unakaa juu ya injini, mbele ya magoti hakuna boneti, na mgongoni kuna tani ya mchele. Ukikanyaga breki ghafla kwa sababu ya ng'ombe, mchele hausimami nawe. Pikapu kebini iko mbali na bodi, ina ukuta wake. Katika hilo pikapu inashinda na sibishi.

Inashinda pia kwenye kutu, na hili ndilo wanaoishi bara hawalijui vizuri. Upepo wetu una chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi. Pikapu ina chesisi peke yake na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Bodi ikiliwa, unaifungua, unaweka ya mbao au ya chuma, na gari inaendelea na maisha. Hais bodi na chesisi ni kitu kimoja. Ikioza chini ya milango ya pembeni, kwenye matao ya mipira au chini ya sakafu, umeoza uti wa mgongo wa gari, na kuchomelea viraka ni kununua muda. Ndiyo maana siku ukikubali kubeba samaki kwenye hais, hata kwa madumu yenye barafu, umeanza kuiua. Maji ya barafu yanashuka kwenye mikunjo ya sakafu ambayo huioni wala mpira wa maji haufiki. Na harufu: unga na mchele vinavuta harufu haraka. Mwenye duka akinusa unga unanuka nguru, huyo humpati tena. Mafuta ya taa vilevile, usithubutu.

Tuje kwenye karafuu, maana hapo ndipo kaka yako ana haki kidogo. Karafuu kavu kutoka nyumbani kwenda kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ni mzigo wa hais kabisa: mtu ameanika kwenye majamvi siku kadhaa akizianua kila wingu likitanda, halafu wewe ukazilowesha njiani? Ila safisha sakafu kabla ya kurudi kwenye unga, maana karafuu nayo ina harufu yake. Mbichi ndiyo kazi. Kuzitoa bondeni kwa njia ya udongo mwekundu baada ya mvua, hais tupu inayosukuma kwa nyuma itazunguka mipira papo hapo mpaka watoto wa kijiji waje kukucheka. Huko panataka pikapu ya foo-wili. Lakini piga hesabu, msimu ni miezi michache, na si kila mwaka mikarafuu inazaa vizuri. Mchele unaliwa miezi yote. Hizo safari za bondeni kodi pikapu ya mtu, au kubaliana na wenye mashamba wazilete mpaka barabarani.

Dabo kebini ni gari nzuri sana ya afisa. Inabeba watu watano kwa raha na mzigo kidogo kwa heshima. Kwa biashara ya magunia umelipia viti vya nyuma ambavyo havijui kubeba sukari. Ukilazimika kununua pikapu, nunua singo kebini, na ujue kuwa mwenye pikapu mtaa mzima ni wake: leo kabati la bi harusi, kesho mchanga wa msikiti, na kukataa huwezi. Mimi yangu ilifanya kazi za jirani zangu zaidi ya nilivyopenda.

Kuna aliyekushauri kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Injini yake ni cc 660 na kisheria kwao Japani inabeba kilo 350, ambayo ni magunia saba. Kwa kugawa ndani ya Wete peke yake ni rahisi na mafuta inanusa tu. Kutoka Mkoani na mzigo wa jumla, hapana.

Injini nasema kwa ufupi. Hais za dizeli za miaka ya karibuni, zile za D-4D, zina nguvu ya kilima, ila nozeli zake hazitaki mafuta machafu na bei yake inauma. Za petroli zinakula zaidi lakini fundi yeyote anaziweza. Kwa mtu wa gari moja asiye na akiba ya pili, mimi naelekea petroli. Bima ikatiwe ya biashara ya mizigo. Ukikata ya gari binafsi ili upunguze, siku ya ajali ndiyo watauliza magunia yalikuwa ya nani.

Kwa hiyo hais ndefu, ya viti vya mbele tu, petroli. Kitakachonigeuza ni kama unapanga kuingia kwenye samaki wa Wete au kama nusu ya maduka yako yako ndani kusikopitika masika. Hapo nitasema singo kebini ya foo-wili, na turubali zuri. Tuambie maduka yako hasa, na ukipata gari ya kuangalia, mwambie muuzaji apige picha chini ya milango ya pembeni na ndani ya matao ya nyuma. Picha za rimu na redio muachie kaka.