Ngiri na busha ni vitu viwili, na ngiri zenyewe hazifanani

Mkuu, umesema shemeji yako anabeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ana uvimbe kinenani unaotoka akikohoa na kurudi akilala, na watu wanabishana kama ni busha. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani. Hiyo yake inafanana zaidi na ngiri: utumbo au mafuta ya tumboni yamepenya ukuta wa tumbo.

Ngiri inayoonekana zaidi hufuata njia ile ile korodani ilikopita kushuka mtoto akiwa tumboni mwa mama. Njia isipojifunga, utumbo huteremka, wakati mwingine mpaka kwenye mfuko wa korodani. Ndiyo maana hata watoto wachanga wanayo! Nyingine husukuma moja kwa moja pale ukuta ulipolegea, hasa kwa wanaume wa makamo na wazee, na ni nadra kufika kwenye mfuko.

Ninayoihofia mimi ni ya paja. Hutokeza chini ya mkunjo wa kinena, kando ya mshipa mkubwa wa damu, na huwapata zaidi wanawake. Tundu lake ni jembamba, utumbo hunasa upesi. Mama zetu wanaobeba mabeseni ya samaki wasidharau kinundu hapo.

Shemeji amwone daktari wa upasuaji. Mitishamba haizibi tundu. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukagoma kurudi, au akianza kutapika, msiusukume kwa nguvu. Mkimbizeni hospitali ya Bugando usiku huo huo.