Maswali ya Wasomaji: Jiko la Induksheni Limekataa Sufuria Zangu

Nimenunua jiko la induksheni la wati 2,000. Nikiweka sufuria zangu linalia mara kadhaa kisha linajizima. Nimeuziwa bovu?
*Msomaji, Morogoro*

Huenda jiko ni zima kabisa, na sufuria ndizo haliziwezi. Chini ya kile kioo kuna koili ya shaba inayopitisha umeme unaogeuka mwelekeo mara 20,000 na zaidi kwa sekunde. Umeme huo hutengeneza uga wa sumaku, na uga nao huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Joto huzaliwa kwenye sufuria yenyewe. Alumini, ambayo ndiyo sufuria nyingi za sokoni kwetu, hainasi sumaku na hupitisha umeme kirahisi mno, kwa hiyo jiko huona kama hakuna kitu juu yake. Chungu cha udongo, glasi na shaba tupu navyo havipati joto.

Chukua sumaku, hata ya spika mbovu, uijaribu kitakoni. Usiijaribu ubavuni, maana sufuria nyingine zina vyuma viwili tofauti. Ikinasa kwa nguvu, sufuria inafaa. Ikishika kwa kulegalega, itapika kwa kusuasua. Enameli na chuma cha kusubu hukubali vizuri. Stenlesi ndiyo inayowaponza wengi: ile iliyoandikwa 18/10 ina nikeli nyingi na kwa kawaida haifai, isipokuwa kiwanda kiwe kimeongeza tabaka la chuma chenye sumaku kitakoni. Mng'ao wake hauwezi kukuambia lolote, kwa hiyo nenda dukani na sumaku yako mfukoni.

Kisha laza rula kwenye kitako. Kikiwa kimebonyea au kimevimba katikati, joto halitakuwa sawa, na karai la mviringo liache kwa mkaa au gesi. Majiko mengi pia hayatambui kitako chenye kipenyo chini ya sm 12. Kuna sahani za chuma zinazouzwa ili uweke sufuria ya alumini juu yake. Hatuzipendekezi: sahani huwaka sana, hukichosha kioo, na umeme mwingi hupotea kabla ya kufika kwenye chakula.

Nikisonga ugali unaungua katikati na sufuria inateleza. Nifanyeje?
*Msomaji, Kisumu*

Chemsha maji kwa nguvu kubwa, lakini shusha hadi wati 800 hivi kabla ya kuanza kusonga. Koili ya majiko madogo ina upana mdogo kuliko kitako cha sufuria, ndiyo maana katikati huungua kwanza. Tena majiko ya bei nafuu hayapunguzi umeme kweli. Huwaka kwa nguvu nyingi sekunde chache, yakakatika, yakawaka tena. Sufuria nyembamba haiwezi kuhimili hilo. Tafuta ya kitako kinene yenye mpini mrefu, uishike imara, wala usiukandamize mwiko kwa uzito wa mwili. Futa kitako kwanza, kwani punje za mchanga hukichora kioo.

Kule kuwaka kwa nguvu nyingi ni hatari pia kwa mafuta. Anza na moto wa kati na usiondoke. Yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, na usimwage maji kamwe.

Naweza kutumia ekstensheni, au sola yenye inveta ya wati 1,000?
*Msomaji, Tabora*

Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya wa milimita za mraba 0.75, unaofaa kwa ampea 6 hivi. Zitapata moto na kuyeyuka. Chomeka ukutani kwenye soketi ya ampea 13, bila birika wala pasi pembeni. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, acha kupika umwite fundi umeme.

Inveta hiyo haitoshi, hata ukiweka wati 500, kwa sababu ya kule kuwaka na kukatika tulikokutaja. Na hata ukipata inveta kubwa, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 tu. Kwa nguvu yote, jiko litaimaliza kwa dakika 36, na hiyo ni hesabu ya karatasini.

Nikimaliza kupika nazima ukutani moja kwa moja. Kuna ubaya?
*Msomaji, Tanga*

Upo. Zima kwa kitufe, uiache feni izunguke mpaka isimame yenyewe, ndipo uzime ukutani. Ukiikata mapema, vifaa vya ndani hubaki na joto na huharibika upesi. Usilaze jiko juu ya kitambaa au gazeti, kwa kuwa huziba matundu ya hewa, na acha sm 10 nyuma yake. Mende hupenda joto hilo, huingia matunduni na kuunguza saketi. Futa mabaki ya chakula kila usiku.

Kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, chomoa plagi na usipike tena. Mchuzi ukimwagika utapenya hadi kwenye umeme.

Baba yangu amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo. Anaweza kupika?
*Msomaji, Mombasa*

Kwanza muulizeni daktari aliyemwekea. British Heart Foundation, shirika la afya ya moyo la Uingereza, hushauri kifaa kikae angalau sm 60 kutoka kwenye jiko linapowaka. Kwa umbali huo, kusonga na kukaanga wafanye wengine.