Linki ya kamisheni kwenye matangazo ya Google

Mkuu, umeuliza kama uongeze bajeti ya matangazo; shida si bajeti. Umesema tangazo lako la Google linampeleka mteja moja kwa moja Amazon kwa linki yako ya kamisheni, ile inayokulipa mtu akinunua kupitia kwako. Amazon wenyewe wanakataza hilo, pamoja na kulipia tangazo lako litokee mtu akitafuta jina lao au neno "Kindle" (kifaa chao cha kusomea vitabu). Tengeneza ukurasa kwenye domeni yako, yaani tovuti yako mwenyewe, na tangazo limpeleke mteja huko kwanza. Ila ukurasa huo ukiwa na picha na kitufe cha "Nunua" tu, Google wataukataa. Weka maelezo yako mwenyewe ya bidhaa. Kama ni blenda: inasaga karanga kavu, au mota inaanza kunuka? Bei ikoje ukijumlisha usafirishaji? Andika wazi kwamba unalipwa kamisheni. Akaunti yako ya matangazo ya Google ikifungiwa, kata rufaa. Ukifungua nyingine kimya kimya, nayo wataifunga.